Mikono Mia na Ishirini ya Kushoto

Saa mbili kasoro asubuhi, mkata nguo anafungua kopo lake la chaki, anatoa kidonge kimoja na kukimeza kwa maji mbele ya washonaji wote. Kisha anaanza kutandaza kitambaa. Hakuna anayegeuka kumtazama. Miaka miwili iliyopita angekufa kwa aibu.

Kiwandani wanamwita Bi Mkasi. Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na mitano kati ya hiyo ameimaliza amesimama kwenye meza hii ndefu. Kitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka, sitini kwa mkupuo, halafu mkasi wa umeme hupita mara moja. Ukikosea, umekosea mara sitini.

Kidonge hicho ni cha sonona. Alianza kukimeza miaka saba iliyopita, baada ya kulala kitandani wiki saba bila homa wala jeraha.

"Watu walidhani nina huzuni. Huzuni naijua, hii haikuwa huzuni. Mtoto wangu analia, mimi namsikia kama redio ya jirani," anasema.

Dawa zilimwinua. Baada ya miezi mitatu alikuwa mezani na mkasi wake, akitaniana na wenzake kama kawaida. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, hadi ukafika wa tano, na kila alipokwenda kliniki daktari alimweleza kwamba kuendelea muda mrefu au kuacha ni jambo la kuamua pamoja, tena polepole. Yeye aliitikia kwa kichwa tu.

Kisha baba yake akafariki. Siku ya maziko watu walilia hadi wakashikiliwa, lakini macho ya Bi Mkasi yalikuwa makavu.

"Nilimpenda baba kuliko mtu yeyote. Nikasimama pale kama niliyekuja kusoma mita ya maji."

Dada yake mkubwa alimvuta pembeni, akamwambia dawa zimemgeuza jiwe, na kwamba mtu aliyepona hamezi dawa. Maneno yale yalimwingia. Jumatatu iliyofuata alivimwaga vidonge vyote kwenye sinki, bila kumwambia daktari wala mume wake. Vyote, kwa siku moja! Mwandishi wa makala haya alipobaki mdomo wazi, yeye alicheka. Alijiona shujaa, anasema.

Wiki ya kwanza kichwa kilimzunguka, na kila alipogeuza shingo alihisi kama amegusa waya wa umeme. Nyumbani alisingizia mafua. Baadaye machozi yakaja, akayafurahia mno, akamlilia baba yake vya kutosha. Mwezi wa tatu machozi yakakauka tena, na mahali pake pakaja ule utupu anaoujua. Aliendelea kwenda kazini bila kumwambia mtu.

Siku moja akapewa kitambaa cha kukata mikono ya makoti ya wauguzi. Kitambaa chenyewe kinang'aa upande mmoja, kwa hiyo tabaka hulazwa uso kwa uso, ili mkasi ukipita utoke mkono wa kulia na wa kushoto. Mwanagenzi hufundishwa hilo wiki ya kwanza. Bi Mkasi alilaza tabaka zote sitini uso juu, na kila tabaka hutoa mikono miwili.

Mshonaji mmoja alikuja ameshika mikono miwili ya koti, mmoja kila kiganja, anacheka, anauliza hao wauguzi wameumbwaje. Kicheko kilimwishia mdomoni alipotazama mezani. Mikono ilikuwa mia na ishirini, na yote ya kushoto.

"Niliitazama, nikasema, 'Sawa.' Basi," anasimulia. "Mikono haikunitisha. Kilichonitisha ni ile 'sawa'."

Msimamizi, mtu anayejulikana kwa kufoka, siku hiyo hakufoka. Alimtazama usoni, akamwambia aende nyumbani. Yeye mwenyewe akatandaza kitambaa kingine uso chini, akakata mia na ishirini ya kulia, na mikono iliyozidi ikaingia kwenye oda iliyofuata. Makoti yakapona.

Bi Mkasi alifika nyumbani akajitupa kitandani na viatu vyake. Saa tisa binti yake wa miaka kumi akarudi kutoka shule, akasimama mlangoni. Alimvua mama yake viatu, kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda, akaleta kikombe cha maji na kukiweka sakafuni upande wa ukutani. Palepale kilipokuwa kikiwekwa zile wiki saba.

Halafu akasema: "Mama, umerudi kuwa yule wa kitandani?"

Wakati ule alikuwa na miaka minne. Ukoo mzima uliapa kwamba mtoto hakumbuki lolote.

"Nilikaa kitako," anasema. "Miaka yote hiyo anajua, na ananyamaza."

Kesho yake alikwenda kliniki na mume wake. Daktari hakumgombeza. Alimwambia macho kuwa makavu ni malalamiko ya kuletwa kwake, si ya kupelekwa kwenye sinki, akambadilishia aina ya dawa. Alimweleza pia kwamba ugonjwa ukisharudi, suala la kukaa na dawa muda mrefu linakuwa zito zaidi. Wakakubaliana atulie mwaka mmoja kwanza, ndipo waamue.

Mwaka huo unatimia leo, na miadi ni saa nane mchana. Bi Mkasi ameshaamua kuendelea, angalau mpaka binti amalize shule ya msingi. Baada ya hapo wataketi na daktari waangalie kama kuna haja ya kupunguza. Machozi, anasema, yanakuja siku hizi, machache, lakini yanakuja.

Dada yake bado anaguna kila akija nyumbani na kuona kopo la chaki.

"Simlaumu. Yeye hajavuliwa viatu na mtoto," anasema Bi Mkasi, akipitisha kiganja juu ya kitambaa kutafuta upande unaong'aa. "Siku nikitaka kuacha, binti yangu ndiye nitakayemwambia wa kwanza."