Karatasi Mbili Zilizopishana

Kwa miaka mitatu fundi wa vitabu alijifungia katika chumba cha nyuma cha msikiti, akifuta ukungu na kuziba matundu ya mchwa kwenye vitabu vya dini vya Kiarabu vilivyoandikwa kwa mkono, vilivyofungiwa kabatini na ambavyo hakuna aliyevigusa tangu enzi za bibi yake. Siku ya kuwafungulia watu wavisome ilifika. Msomaji wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa madrasa, mzee aliyekivuta kitabu cha kwanza upesi.

"Taratibu, babu," fundi alimsihi. "Karatasi hizo zinachanika."

Mzee akakifunua, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akarudi nyuma ukurasa mmoja. Fundi akasogea karibu.

"Mjukuu wangu, dua hii imekatika katikati. Umepishanisha karatasi mbili."

Aibu hiyo ndiyo fundi aliyoiogopa siku zote, maana alijua kushona vitabu, si kusoma Kiarabu.

"Nisamehe, babu. Nitakifumua kitabu leo leo."

"Nikusamehe nini? Kitabu kingekuwa bado kabatini, nani angeliona kosa hilo?" Mzee akavuta kiti cha pili. "Kaa. Mimi nisome, wewe upange."

Akakaa, akasogeza sindano na uzi, kwani vilibaki vitabu arobaini na kimoja vya kukagua.