Kigoda cha Baba Koku na Viwavi wa Malkia

Nilitoka Mesquite kwenda Houston, humu humu Texas, kwa sababu moja tu: kigoda cha marehemu mume wangu. Mdogo wake, shemeji Laurian, alikibeba baada ya mazishi akisema anakihifadhi. Mwaka ukapita, mimi nikimwomba anirudishie. Mei 2019 akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba tutamaliza msiba nyumbani kwake, na kwamba mwanawe, Deo, atakalishwa kwenye kigoda kile awe mrithi wa marehemu. Kwetu Bukoba, anayekalishwa na kuvishwa kanzu ya marehemu ndiye anayeulizwa mambo yote ya nyumba ile. Mume wangu aliacha mtoto mmoja, Koku, msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilipakia gari: ndizi, kanzu ya baba Koku niliyoipiga pasi mwenyewe na, kwa shingo upande, sanduku la viatu lenye viwavi. Koku alikuwa na kazi ya shule kuhusu malkia mpya wa Japani, mke wa mfalme aliyekalia kiti mwezi uleule. Alikuwa amesoma kwamba wake za wafalme wa huko hufuga viwavi wa hariri, akaagiza wa kwake. Wadudu wale hawali kitu ila majani ya mforosadi, na hula kutwa. Nilimwambia tunakwenda vitani, si kwenye maonyesho ya kilimo.

"They'll die, Mama," akasema, akafunga mkanda.

Kufika Corsicana nilikuwa nimeshasimuliwa maisha yote ya malkia yule. Amesoma ng'ambo, anazungumza lugha kadhaa, alikuwa mwanadiplomasia kabla ya kuolewa. Anapenda mbwa. Alizaa binti mmoja, na sheria ya kwao haimruhusu binti kurithi kiti. Maneno ya watu yakamwandama mpaka akaugua, akakaa miaka mingi mbali na macho yao. Hapo nilishika usukani kwa nguvu. Nilimhurumia, na nilikasirika kana kwamba ni dada yangu.

Karibu na Buffalo, saa nne, majani yalikuwa yamenyauka kwa joto. Nyuma ya kituo cha mafuta tuliona mforosadi umesheheni matunda. Mzee mwenye kituo alitoka kuuliza tunaiba nini. Koku akamweleza habari ya malkia kwa kirefu. Mzee alisikiliza, akasema tuchume tunavyotaka, maana ndege wanaokula matunda yale wanamchafulia magari. Tuliondoka na mfuko umejaa na vidole vya zambarau.

Houston, saa saba. Shemeji alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Sebule ilikuwa imejaa watu, na kigoda kilikuwa katikati ya zulia, kimepakwa mafuta. Aliyekipaka ni wifi yangu mkubwa, Ma Adela, shangazi yake Koku, ambaye hasemi sana. Wakati wa chakula wageni walimuuliza Koku habari za shule, naye, maskini, akawasimulia malkia wake mwanzo mpaka mwisho.

Baada ya chakula shemeji alisimama. Alishukuru, akaomba, kisha akatumia maneno ya mtoto wangu.

"Koku mwenyewe katuambia. Mfalme wa Japani ana binti mmoja, na harithi. Wajapani, jamani, wenye treni za kasi. Sasa sisi ni nani?"

Watu wakacheka. Koku aliinamisha kichwa. Nilijua kitu gani kimevunjika ndani yake, nikasimama.

"Shemeji, mama wa binti huyo alibeba maneno kama haya yenu kimya kimya. Mimi sitabeba."

Pakazuka ubishi. Mmoja alisema mila, mwingine akasema hapa ni Texas, mwingine akanikumbusha kwamba mimi ni wa kuja tu kwenye ukoo ule. Nilijibu kila mmoja, na sijutii jibu hata moja. Deo alikuwa anaangalia simu yake. Katikati ya kelele zile Koku aliona viwavi wamemaliza majani. Akachukua mfuko na sanduku, akatafuta pa kukaa, na bila kufikiri akakaa pale alipozoea kukaa Mesquite baba yake akiwa hai: kwenye kigoda. Akaanza kulisha.

Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Ukawa unasikika mlio wa viwavi wakitafuna, mdogo, mfululizo.

"Mwinueni," shemeji akasema.

Ma Adela akaweka kikombe chini. "Koku, hiyo kazi ya malkia nani anairithi?"

"Mke wa mfalme anampa mke wa mfalme mwingine," Koku akajibu, macho sandukuni. "They just hand it over."

"Haya. Kumbe hata huko lipo ambalo mwanamke humkabidhi mwanamke. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Anayetaka kumwinua mtoto wa kaka yangu, aje amwinue mbele yangu."

Hakuna aliyesogea. Nikatoa kanzu ya baba yake kwenye mkoba wangu, nikaiweka mabegani mwa binti yangu. Ilimfunika mpaka kwenye viatu.

"Wait, Mama," akasema. "They're still eating."

Tukasubiri, ukoo mzima.

Jumapili tulirudi na kigoda kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa mkanda. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba nilipoteza mwaka mzima nikiomba ruhusa ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo mfukoni. Kilichotakiwa ni kukaa tu.

Jumanne jioni Ma Adela alipiga simu. Nikaanza kumsalimu, akanikatiza kwa upole: nyumba ya marehemu kule Bukoba paa linavuja, fundi anangoja neno.

"Basi mwambie aanze, wifi."

"Sikukupigia wewe, mama Koku. Nipe mwenye nyumba."

Nikampa Koku simu, nikatoka nje kuwachumia viwavi wake majani.