Cheti Nilichokikataa kwa Jina la Mila

Daktari aliniambia wazi: presha iko juu, usipoanza mazoezi utaanguka. Mimi ni mtu wa mambo makubwa. Nilianza na baiskeli ya kubeba majani chai Mogogosiek. Leo malori yangu yanajulikana hadi Roret. Sikutaka kukimbia barabarani watu wakinitazama. Nilitangaza pale kituoni tunapopimia majani kwamba natafuta mwalimu wa mazoezi aje nyumbani kwangu, na awe amesomea.

Wa kwanza kuja alikuwa binti wa bakule wangu. Bakule ndivyo tunavyoitana sisi tuliotahiriwa pamoja, na mtoto wa bakule ni mtoto wako. Alinipa cheti, kurasa mbili za Kizungu kilichobanana. Nilikitazama. Shule mimi niliiacha darasa la tatu.

"Baba, ukurasa wa pili ni wa watu wenye presha," akasema. "Unaonaje, tuanze na huo?"

Nikamrudishia. "Mtoto wangu, siwezi kulala chini nikiinua miguu mbele ya binti wa bakule. Mila inakataa."

Akasema sawa, baba, akaenda. Jumapili baba yake alinishika mkono nje ya kanisa. "Bakule, asante. Wengine siku hizi hawana heshima kama yako." Niliipokea hiyo asante. Hata nikaongeza mahubiri kidogo juu ya mila.

Nikamchukua kijana mmoja mwenye kifua kama mlango. Karatasi yake ilikuwa na maneno machache na mhuri mkubwa mwekundu. "Hiki sasa ndicho cheti!" nilimwambia mke wangu. Kijana hakuuliza kama natumia dawa. Siku ya tatu alinipandisha kilima na gunia la majani mgongoni, nikaanguka katikati ya wachumaji.

"Si huyu ndiye mwenye malori?" mama mmoja akauliza.

"Ndiye. Leo lori limekwama."

Tulipotoka hospitali, mke wangu aliisoma ile karatasi. Ilikuwa ya kumshukuru kijana kwa kushiriki mbio za harambee ya kanisa. Kijana hakudanganya, mimi ndiye niliyemfanya mwalimu kwa mdomo wangu. "Ungenipa tu nisome," mke wangu akasema. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkataza kugusa karatasi zangu, nikijifanya ni siri za biashara.

Nilienda kwa bakule, nikamkuta akikamua ng'ombe.

"Bakule, sikumkataa mtoto kwa sababu ya mila. Sikuweza kusoma kile cheti."

Hakugeuka. "Hata mimi siwezi. Nilimwambia anisomee kwa Kiswahili, nikasikiliza mpaka mwisho." Akakamua kidogo. "Tangu umrudishe, anasema labda hiyo kazi si yake. Cheti amekiweka chini ya godoro. Siku hizi anachumia watu chai."

"Nisaidie kumwambia."

"Mimi? Mdomo si ni wako?"

Nilimkuta binti kwenye mistari ya chai, kikapu mgongoni, wanawake wengine wamemzunguka. Nilimpungia mkono aje kando. Hakusogea.

"Sema tu hapa, baba," akasema, vidole vikiendelea kuchuma.

Wanawake wakageuka kunitazama. Nilivua kofia, nikasema yote, na sauti yangu ile kubwa ya kituoni haikutoka.