Mluzi na Madda za Shemeji

Nimetengeneza redio tangu nilipomaliza sekondari, kwanza Chake Chake na baadaye hapa Chokocho, na nilijitapa kuwa mluzi wa redio haujanishinda. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu siku ambayo kaka yake alikuwa asome Kurani redioni, alasiri, kutoka Unguja. Laiti ningenyamaza.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kulehemu, macho yamechoka. Mwanangu wa Gombani alinipa kompyuta yake kuukuu na kipokezi kidogo mfano wa kidole gumba. Kipokezi hicho hugeuza mawimbi kuwa namba, programu ya kompyuta ikazifanyia hesabu, ukasikia redio. Kasoro yake ilikuwa moja: kilijipigia mluzi chenyewe, wiii, mwembamba, haukomi. Zamani ningefungua redio nikazungusha koili kwa bisibisi. Sasa dawa ilikuwa hesabu.

Na dawa hiyo ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilitaka subira: uisikilizishe programu mluzi peke yake, pasipo stesheni, iukariri, kisha iukate huo tu. Ya pili ilikuwa kubonyeza mara moja, na programu ikajitafutia sauti yoyote ndefu isiyobadilika, ikaifuta. Nilichagua ya pili, kwa uvivu na kwa kupenda sifa. Nikaijaribu kwenye taarifa ya habari. Mluzi kimya, msomaji kama yumo chumbani.

"Leo umetenda," alisema mke wangu, na yeye si mtu wa kusifu ovyo. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani, amesomesha watoto wa mtaa mzima.

Shemeji akaanza. Bismillahi ikapita vizuri. Ikaja madda ya kwanza, pale msomaji anapovuta sauti. Ikapanda, ikatanda, kisha ikadidimia kana kwamba mtu kamziba mdomo. Neno lililofuata likatoka safi. Madda nyengine, akazibwa tena.

"Kaka ana nini? Anaumwa?"

"Mawimbi tu hayo, bibie."

"Mawimbi gani yaliyosoma hukumu za tajwidi? Mbona yanamkaba penye madda tu?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa programu, madda ya shemeji na mluzi wa kipokezi vilikuwa kitu kimoja: sauti ndefu, basi ifutwe. Nikakimbilia kuizima dawa hiyo, kwa pupa nikazima redio nzima.

Mke wangu alishajitanda kanga, yuko kwa jirani, mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamsikia ukutani: "Ongeza, shoga, ongeza! Mluzi wake uache, hauna neno!"

Nilipofanikiwa kurudisha sauti bila dawa, mluzi na wote, shemeji alikuwa anafunga kisomo kwa *Sadaqallahul-adhiim*. Madda ile ilitoka nzima, ndefu, tamu, nami niko peke yangu chumbani.

Hakusoma tena redioni. Maradhi yalimchukua kabla hajaitwa mara ya pili. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja, huwaambia wageni tu, "Huyu fundi hodari, alitaka kumsomesha kaka yangu Kurani isiyo na madda." Wageni hucheka, na mimi hucheka nao.

Siku hizi nafuata njia ya subira. Kabla ya kisomo cha redioni naisikilizisha programu mluzi peke yake, naijaribu, naijaribu tena, kisha namwita mke wangu.

Yeye hujibu akiwa kwa jirani.