Mtoto wa Unga wa Mahamri

Juzi, shuleni kwa binti yangu huko Chaani, mwalimu aliwapa watoto unga wa rangi wa kuchezea wafinyange nyuso. Binti yangu akatoboa mdomo mpana, akasema, "Huyu anaogopa." Papo hapo nikasikia harufu ya iliki.

Nilikuwa mdogo kama yeye, jikoni kwa bibi yangu, Likoni. Bibi alikuwa akikanda unga wa mahamri, akanikatia kidonge nicheze. Nikafinyanga mtoto, nikamtia macho ya chembe za iliki. Ndipo nikakumbuka maneno ya maalimu wetu wa madrasa: mwenye kuunda sanamu, Siku ya Kiyama ataambiwa aitie roho. Nikamficha haraka chini ya bakuli, kando ya jiko la makaa, nikakimbilia uani.

Nilipomfunua alasiri, tumbo lilikuwa limevimba. Mdomo niliouchora kwa ukucha ulikuwa umeachama.

"Bibi! Anapumua!"

"Hamira hiyo, mjukuu wangu," akasema bibi, akacheka, akamtumbukiza kwenye mafuta. Nilimsikia akilia.

Leo najua kazi ya hamira. Siku ile nilijua tu kwamba roho imeingia, na aliyeitia ni mimi.

Bibi akaniwekea sahanini, angali wa moto, macho yake yakinikodolea.

"Haya, sema bismillahi, ule."

Kwa bibi hapakuwa na kukataa chakula. Nikaanza na macho, ili asinione nikimla.