Fomu yangu ya booking Lushoto ilivyowafungia wageni mlango

Wakuu, salaam. Kisa hiki ni changu na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo sina sababu ya kukipamba.

Miaka ile ya soko huria, intaneti ikiwa bado ya waya wa simu, kikundi chetu cha kuongoza wageni hapa Lushoto kiliamua kuwa na website. Kazi nikapewa mimi.

Kompyuta sikuisoma darasani. Nilisoma Help ya programu ya kudizaini website, ukurasa kwa ukurasa, daftari likiwa pembeni.

Fomu ya booking ndiyo iliyonitesa. Nilichora kila kisanduku, nikakipa jina lake. Button ya Send nikaiweka ya kijivu mpaka visanduku vyote vya lazima vijazwe, ndipo igeuke kijani. Wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, msinicheke.

Sasa, kulikuwa na Bi Zaina, mjane wa Mlalo. Alihamisha mahindi yake chumbani, akapaka chokaa, akanunua kitanda, kwa sababu mimi nilimwambia fomu italeta wageni wa kulala.

Kila alipoleta mboga Lushoto alipita ofisini.

"Mwanangu, wageni wako wamepotea njia?"

Nikakosa utulivu. Nafungua e-mail asubuhi, mchana, jioni. Kimya. Nikijaza fomu mwenyewe, inatuma. Nikawaita wenzangu mmoja mmoja, wote fomu zao zikafika. Nikaiandika script ya fomu upya. Kimya kile kile.

Ndipo akatokea Mzungu mmoja na begi mgongoni. Akasema fomu ilimgomea tangu kwao, akaamua kuja hivyo hivyo.

Nikamkalisha kwenye kompyuta, nikasimama nyuma yake bila kusema neno. Akajaza jina, nchi, tarehe. Kisanduku cha kwanza akakiruka.

Button ikabaki kijivu.

Kisanduku hicho kilikuwa na maneno "Hujambo, mgeni wetu?" Fomu nzima ilikuwa ya Kiingereza isipokuwa hapo. Mwenyekiti wetu, Mzee Shekiango, alikuwa amesema mtu haulizwi jina kabla ya salamu. Nikaona ni kweli, nikakifanya cha lazima.

Sisi wote tuliojaribu tuliitikia, "Sijambo." Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu atasalimiwa, akapita.

Nilipotaka kuliondoa sharti lile, mzee akakataa. Asiyeitikia salamu, akauliza, utamlazaje ndani kwako?

Bi Zaina alikuwepo, kapu la karoti miguuni.

"Chumba ni changu, kaka," akasema. "Mwacheni aingie. Salamu nitamfundisha mimi mlangoni."

Mzee akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Haya, toa."

Nikalitoa mbele yao. Kisanduku chenyewe nikakiacha.

Siku chache baadaye booking ya kwanza ikaingia: watu wawili, siku tatu, mahali pa salamu patupu. Nikaiprinti nikampa Bi Zaina. Aliitazama karatasi, akauliza kitu kimoja tu, kama watu hao wanakula kisamvu.

Nilichojifunza: usiijaribu fomu yako kwa watu mliolelewa pamoja. Mtafute mgeni, mkalishe, ufunge mdomo, umwangalie anakwama wapi.

Mliowahi kutengeneza fomu, semeni: ni swali gani mliliona la lazima kwa kila mtu, kumbe ni la kwenu tu?