Mwaka Niliokataa Pesa za Mafuta

Mimi ni mtu wa kupigania bei. Sijawahi kununua hata fungu la dagaa bila ya kugeuza mgongo kwanza na kwenda hatua tatu, nikisubiri kuitwa. Nilipostaafu ualimu nikanunua kigari cheupe kwa kiinua mgongo changu, kigari kilichokwisha kuchoka kwa watu wengine, niliona bima nayo ni bidhaa kama dagaa. Kwa hivyo mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, nilitoka kijijini kwetu Wingwi kwenda kuitafutia bei.

Nilianzia Konde, kwa wakala mwenye meza yake ndani ya duka la simu. Akanitajia bei. Nikageuka, nikaenda zangu polepole mpaka mlangoni, nikatoka, nikafika barabarani. Hakuniita. Nikaenda Wete kwa wakala wa pili, naye akanitajia bei ile ile, na nilipogeuka alishaanza kuzungumza na mteja mwengine. Kumbe bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na mabati yako, haina bei ya kupigania. Niliumia roho. Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nikaingia na kwa wakala wa tatu.

Huyu alikuwa msichana niliyemsomesha darasa la nne. Aliinuka kwa heshima zote, akanipa shikamoo na kiti, na nilipomwambia nataka kupunguziwa akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, hapa hapapunguzwi. Ila bei yafuata kazi ya gari. Naona mwaka jana umeandikiwa gari ya kukodi. Wachukua watu?"

"Nachukua majirani," nikamwambia. "Wagonjwa, wajawazito, wanaokwenda mazikoni."

"Wanakulipa?"

"Hawanilipi. Wanatia mafuta."

Akaweka kalamu chini, akanieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza yeye hesabu za kugawa. Anayetia mafuta amelipa. Ukikata bima ya gari binafsi, ambayo ni rahisi kuliko ile ya kukodi, halafu ukapata ajali na ndani mna watu waliotoa pesa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Kwa hivyo ya binafsi naweza kuipata, lakini sharti asitoe mtu kitu.

"Basi sipokei," nikasema.

"Utaweza, Mwalimu?"

Nilimwona mtoto huyu hajakua bado. Kupokea ndiko kwenye kazi, kukataa kuna kazi gani? Nikakata ya binafsi, nikarudi Wingwi nikijiona mjanja wa kisiwa kizima.

Lazima niseme mambo yalivyo kwetu. Mtu akipanda gari yako kwenda hospitali hamuulizani bei. Akishuka anaacha kitu: noti iliyokunjwa mara nne, mayai, muhogo, pengine mkungu mdogo wa ndizi. Anakiweka pale mbele ya kioo bila kukutazama, nawe hutazami. Hakuna anayeita nauli. Bibi mmoja wa jirani, kila nilipomshusha, alikuwa akisema, "Mkono mtupu haulambwi, Mwalimu," na kuniachia elfu moja yenye harufu ya karafuu. Nilikuwa nikizipokea na kuzisahau.

Sasa nikaanza kukataa. "Hapana, chukua, kanunulie watoto." Siku za mwanzo watu walicheka, wakadhani nafanya madaha. Walipoona nashikilia, wakanisifu. Nilisikia kisimani wanasema kutoa ni moyo, na kwamba mimi sikuwa hivi zamani, labda ni uzee, Mungu ananitengeneza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Ningeweza kusema neno moja tu, bima, wakaelewa. Lakini aliyezoea kuitwa bahili miaka thelathini akiitwa mkarimu hujisikia vizuri, na sikutaka wajue kwamba ukarimu wangu nimeukata Wete pamoja na risiti yake.

Waliokuwa wakaidi waliacha noti chini ya kiti. Hizo nilizifuata. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuzirudisha, mchana kweupe, nikapiga hodi na kuzitoa mbele ya waliokuwepo. Niliona huo ndio uaminifu. Nyumba mojawapo ilikuwa ya jirani yangu wa tatu, mwanamke wa makamo ya binti yangu, mkulima, mwenye mimba yake ya tatu. Nilikuwa nimeshampeleka kliniki Konde mara mbili. Ile ya pili alikuwa amechomeka elfu mbili pembeni mwa kiti, nami nikampelekea kwake. Alikuwa amekaa ukumbini na mama mkwe wake. Nikamwekea mkononi, nikasema, "Hii yako, mie sina haja nayo." Akashukuru kwa sauti ndogo. Mkwe wake akaendelea kuchambua mchele.

Baada ya hapo watu wakapungua. Yule bibi wa karafuu nikamwona anapanda gari ya abiria, anasaidiwa kupandishwa kama gunia. Nikamsimamishia, akasema hapana mwanangu, nishakaa. Mlangoni kwangu hapakuwa na hodi wiki nzima, kisha mbili, kisha miezi. Mafuta yakawa yanakaa kwenye tangi mpaka nayasahau. Kusema kweli nilifurahi. Nilijiambia watu wamekuwa na busara, wameona mwalimu wao amezeeka.

Siku jambo lilipotokea ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, mvua imenyesha usiku kucha na njia yetu imekuwa tope tupu. Nilikuwa nje nafuta gari. Akapita jirani mmoja kutoka shamba, akaniambia yule mwenye mimba amejifungulia Konde, barazani kwa watu. Alipandishwa bodaboda baada ya alfajiri kwenda hospitali Wete. Njia ile imemtikisa, hakufika. Wanawake wa dukani wamemzungushia kanga, mtoto akatoka pale pale, mzima, wa kiume. Lakini mama damu haikukatika, wakamkimbiza Wete.

Nilisimama na kitambaa mkononi. Nyumba yake na yangu hazifiki hatua mia moja, na gari yangu ilikuwa pale, ina mafuta, ina bima.

Niliendesha mpaka Wete sijui vipi. Hospitali wakaniambia anaongezwa damu na hawezi kuonwa, nikae. Mumewe alikuwa kwenye benchi, suruali imejaa tope hadi magotini. Akanisalimu vizuri kabisa, akanisogezea nafasi. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini hawakuja kwangu. Tulikaa tukamwomba Mungu kila mtu kimya kimya. Kwenye adhuhuri nesi akatoka akasema damu imekatika. Yule kijana akainama akalia, na mimi nikalia zaidi yake, na sikuwa na haki hiyo.

Siku ya tano waliporudi nyumbani nilikwenda kumtazama. Nilimkuta amelala kitandani, amepauka, mtoto ubavuni kwake kazungushiwa kanga mpya. Tukaamkiana, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha. Ndipo nikamuuliza.

"Mwanangu, mbona hukunigongea?"

Akatazama dari kidogo.

"Nlikuja, Mwalimu. Uchungu ulipoanza nlikuja hata mlangoni kwako. Nkasimama. Nkarudi."

"Ukarudi kwa nini?"

"Ushanchukua mara mbili bure. Na ile pesa ukairejesha, mbele ya mama mkwe. Akanambia, ntu akikataa chako, hakutaki wewe. Sasa nije mara ya tatu na nkono ntupu, kwa uso gani?"

Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kama mtu anayekueleza kwa nini hakupita njia fulani, kwamba ilikuwa na maji. Kisha akaniambia si yeye peke yake. Walizungumza, nyumba zote hizi. "Twalijua ushatuchoka, nawe wasitiri kwa uungwana. Tukasema basi, tukupumzishe."

Nilimwambia yote. Nilimweleza Konde na Wete, wakala wa kwanza, wa pili na wa tatu, gari ya kukodi na gari binafsi, na kwamba anayetia mafuta huhesabiwa amelipa. Nilimwambia pia kwamba nilipenda kusifiwa. Miaka thelathini nimesimama mbele ya ubao nikieleza watoto wa watu mambo wasiyoyajua, na jambo hili moja, la maneno kumi, sikulieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anampapasa mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo yalikuwa mambo ya bima," akasema.

"Bima tu."

"Na hiyo ya kuchukua watu, yazidi kiasi gani kuliko hiyo yako?"

Nikamtajia. Ni pesa niliyozunguka siku mbili kuiokoa, nikaiona kubwa. Akaifikiri, midomo yake inakwenda, na nikajua anaigawa kwa idadi ya nyumba.

"Mbona hukusema, Mwalimu?" akaniuliza, na safari hii alinitazama. "Tungechanga."